Daftari la Jumatano

Viatu vya mgeni vilikuwa vimepangwa mlangoni, vyeusi, vya kisigino kifupi, na vumbi la Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, lilikuwa limeshavivamia mpaka kwenye vifungo. Nyirabizimana alivitazama kabla hajatua kikapu chake cha maharagwe. Mtu anayevua viatu kama hivi kuingia nyumba ya udongo, aliwaza, ama ana adabu ama ana shida. Akajifuta miguu kwenye gunia, akainama, akaingia.

Ndani, binti yake Kantengwa alikuwa amemkalisha mgeni kwenye kiti chao kimoja chenye mgongo, na yeye amekaa juu ya dumu la maji. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka katikati ya mchana, siku ya kazi. Kantengwa hakumtazama mama yake usoni. Hapo Nyirabizimana akajua kwamba mgeni huyu hakujileta mwenyewe.

"Mama, huyu ni Madamu Enid. Anatoka ku chuo ya Nkusi."

Jina hilo la mwanawe lilikuwa halijatajwa mbele ya mgeni tangu msiba, miaka miwili na miezi minne, isipokuwa katika maombi. Nyirabizimana alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaketi kwenye mkeka.

"Pole sana, mama," alisema mgeni. "Mimi naitwa Enid Ainembabazi. Kazi yangu ni kuchunga makaratasi ya zamani kwa maktaba ya chuo. Kiswahili yangu ni ya kambi ya jeshi, utanisamehe. Baba alikuwa mwanajeshi, mimi nilikulia pale Makenke."

"Unasema muzuri. Karibu kwetu."

"Asante. Mama, chuo sasa inataka kuweka historia ya wanafunzi wenye walipigania haki yao. Iko wale viziwi, walikaa chini mbele ya ofisi siku tatu mpaka wakapewa mkalimani. Iko wasichana wenye walikataa kufukuzwa kwa sababu ya mimba. Na iko wakimbizi, wenye walisema karo ya mgeni inawamaliza. Kwa kila mmoja tunatafuta kitu yeye mwenyewe aliandika. Kwa Nkusi, nimeambiwa iko daftari."

"Umeambiwa na nani?"

Kantengwa alikohoa. "Nilisikia tangazo ku radio, Mama. Njo nikapiga simu."

Nyirabizimana aliinuka, akaenda kwenye pembe ya kitanda, akatoa mfuko wa unga uliokunjwa mara tatu. Ndani yake mlikuwa na Biblia, na chini ya Biblia daftari la jalada gumu la bluu, limevikwa plastiki ya mfuko wa sukari. Alilileta, lakini hakulikabidhi. Aliliweka mapajani mwake na kulifunika kwa mikono yote miwili.

Katika kanisa lao, tangu kule milimani Kivu ya Kusini, Kongo, kila kikundi cha maombi kina daftari. Kushoto huandikwa jina la mwenye haja na haja yenyewe. Kulia huachwa nafasi. Ombi likijibiwa, mtunzaji wa daftari huandika hapo tarehe, na neno "Limejibiwa", na namna lilivyojibiwa, ili siku ya ushuhuda lisomwe mbele ya watu. Daftari halifungwi, wala halichomwi, wala halitoki mkononi mwa mtunzaji, mpaka nafasi zote za kulia zimejaa. Mtunzaji akifa, aliye karibu naye huendelea. Nkusi alikuwa mtunzaji wa kikundi cha Jumatano cha wanafunzi wakimbizi. Chuo kilipomfukuza akawa dereva wa pikipiki pale mji mdogo wa Rwekubo, na lori lilipomgonga daftari lilikuwa kwenye begi lake. Mama yake alilirithi pamoja na koti.

"Naweza kuona tu?" Enid aliuliza.

Aliona. Alifungua kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunua kidonda. Kushoto kulikuwa na mwandiko wa haraka, mzuri, wa mtu aliyesoma: Wanafunzi wakimbizi walipe karo sawa na wenyeji. Gaju apate ada ya mwaka wa tatu. Rugamba arudishiwe chumba alichotolewa usiku wa mvua. Wale kumi na wanne waliozuiwa mtihani waruhusiwe kuingia. Chini ya kila Jumatano, jina la mwandishi wa kikundi: Mutesi.

"Ndio hii," Enid alisema polepole, na uso ukamng'aa. "Mama, hii ndio hii. Chama chao ilikataliwa kusajiliwa, unajua? Lakini kikundi ya maombi kilipewa chumba. Kwa hivyo hapa ndio walikuwa wanakutana kupigania mambo yao."

"Walikuwa banakutana kuomba."

"Ndiyo, mama. Kuomba, na kupigania haki."

"Kuomba na kupigania haki, tofauti yake iko fasi gani?"

Enid alicheka kidogo, akageuza ukurasa, kisha kicheko kikakatika. Upande wa kulia kulikuwa na mwandiko mwingine, herufi kubwa kubwa za darasa la tano, kwa wino wa bluu ulioshindiliwa mpaka ukatokea nyuma ya karatasi. Limejibiwa, 9/2/2023, Gaju alipata mfadhili wa kanisa. Limejibiwa, Rugamba ako Kampala anauza simu, ana chumba chake. Limejibiwa. Limejibiwa.

"Nani aliandika huku?"

"Ni miye."

"Na kalamu ya wino?"

"Penseli inafutika, binti yangu. Maneno ya Mungu hatuandike na kitu ya kufutika."

Enid alifunga daftari taratibu. Hakusema neno baya. Lakini Nyirabizimana aliuona uso ule, na aliukumbuka, kwa kuwa mwalimu wake wa darasa la tano alikuwa na uso kama ule alipokuta mtoto ameandika nje ya mstari. Miaka miwili alikuwa amezunguka sokoni, kanisani na kwenye foleni za mahindi akiuliza habari za watoto wa watu, ili aandike hayo maneno.

"Kwa kazi yetu," Enid alisema, "mkono mwingine ukiingia ndani ya kitu, wakubwa wanauliza maswali. Lakini nitawaeleza. Mama, nikwambie ukweli. Nkusi ana faili kule kwetu. Ndani ya hiyo faili iko karatasi moja tu: barua ya kumfukuza. Kama hakuna kitu kingine kitaingia, mtu akija kuuliza Nkusi alikuwa nani, ile barua ndio itamjibu. Kukusanya inafungwa Jumatano ya wiki ijayo."

Alivaa viatu vyake mlangoni akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na Kantengwa akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki iliyokuwa ikimsubiri.

*

Baudouin, shemeji yake Nyirabizimana, ndugu wa marehemu mumewe na mzee wa kanisa, alifika jioni ile ile kabla jua halijazama, na ilionekana wazi kwamba habari zilikuwa zimemtangulia.

"Shemeji, nasikia unauzisha maombi ku chuo."

"Hakuna mutu anauzisha kitu, Baba," Kantengwa alidakia.

"Sikuzungumuza na weye. Weye zungumuza na cherehani." Akageuka. "Shemeji, ni mistari ngapi iko wazi mu ile daftari?"

"Tisa."

"Tisa! Tena unataka kuipeleka. Nani ataombea hiyo tisa? Madamu wa viatu?" Alijicheka mwenyewe, kisha akaacha. "Tena kuna kitu ingine. Kule bataandika kama batoto betu balifanya politike mu chumba ya maombi. Kesho serikali itasema makanisa ya wakimbizi ni ya politike. Batafunga mulango. Nani atabeba hiyo? Ni miye Baudouin, jina yangu ndio iko ku karatasi ya kanisa."

"Na jina ya kaka yangu iko ku karatasi gani?" Kantengwa alisimama. "Barua ya kufukuzwa! Hiyo tu! Miaka mia ikipita, mutu atafungua aone Nkusi mufanya fujo. Munaogopa mulango ya kanisa, na Nkusi munamuachia mbwa."

"Kantengwa," mama yake alisema.

Sauti haikuwa kubwa, lakini msichana aliketi.

Nyirabizimana alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, akitoa mawe moja moja. Hakuwa mtu wa kusema haraka. Mume wake alipokufa, watu walidhani amekuwa bubu. Kumbe alikuwa akingoja kuona nani atakuja kuchukua ng'ombe wawili waliobaki. Akaweka jiwe kando.

"Shemeji, umesema kweli juu ya ile tisa. Na huyu amesema kweli juu ya kaka yake. Lakini munasahau mutu. Ile mwandiko si ya Nkusi. Nkusi alikuwa mutunzaji. Mwandishi ni Mutesi. Batu banatoa kitabu bila kuuliza mwenye aliandika?"

"Mutesi ameolewa, Mama. Ameshatusahau."

"Ombi yake ilijibiwa, niliandika na mukono yangu. Mutu mwenye Mungu amemujibu hawezi kukosa dakika ya kunisikiliza."

*

Siku ya Ijumaa alivaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kilo tatu za maharagwe mapya kwenye kitambaa safi, yaliyochaguliwa moja moja mpaka hakuna lililotoboka, na daftari akalifunga kiunoni, chini ya kitenge. Kutoka Rwekubo mpaka mjini Mbarara alipanda gari. Alishuka Makenke, akatembea mpaka kwenye lango la kambi ya jeshi.

Mwanajeshi kijana alimwangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili.

"Mama, simama hapo hapo. Unaenda wapi?"

"Kwa Mutesi."

"Mutesi gani? Hapa hakuna Mutesi."

Nyirabizimana alimpa kikaratasi chenye namba ya simu, na kijana akapiga kwa simu yake mwenyewe, kwa ukarimu. Alisikiliza, akacheka. "Kumbe ni Mama Meddy! Sema Mama Meddy basi, nyabo. Sasa toa kitambulisho, niandike."

Mkono wake ulikuwa umeshaingia kifuani kutoa karatasi ya familia, ile karatasi ya ukimbizi yenye picha yake, aliposikia mtu akiita kwa mbali.

"Afande! Wachana naye, huyo ni mama wa maharagwe!"

Mutesi alikuja mbio, kandambili zikipiga lami. Alikuwa amenenepa, nywele zimesukwa vizuri, na usoni ana tabasamu lililokuwa limeshikiliwa kwa nguvu. Alimpokea mzigo na kumsemesha Kinyankore, haraka haraka, maneno ambayo Nyirabizimana hakuyaelewa hata nusu. Akamvuta ndani kwa kiwiko.

Mbele ya nyumba za safu ya tatu, wanawake walikuwa wameketi wakimenya ndizi. Mmoja wao, Shanitah, aliufungua mzigo bila kuombwa, akachota maharagwe kwa kiganja.

"Eh, Mama Meddy, hii ni safi! Unatoa wapi huyu mama? Na mimi aniletee kilo tano. Iko bei gani?"

Nyirabizimana alimtazama Mutesi. Msichana huyu alikuwa amekula mezani kwake, huko Juru, Pasaka mbili mfululizo, na kumwita mama.

"Elfu tano kwa hizi kilo tatu," Mutesi alisema. Akatoa noti kifuani, akaikunjua, akamnyooshea. "Chukua, mama. Asante kwa kuja mbali."

Maharagwe yale yalikuwa zawadi. Nyirabizimana alinyoosha mikono miwili, kama inavyopokelewa pesa ya mteja, akapokea.

"Mungu akubariki, mama," alisema.

Walikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo, katikati ya sare za jeshi zilizokuwa zikidondosha maji. Hapo Mutesi aliangua kilio bila sauti, mkono mdomoni.

"Unisamehe, Mama Nkusi. Unisamehe. Hapa banajua miye ni Munyankore wa Ntungamo, mwenyeji. Kitambulisho yangu inasema hivyo. Bwana yangu ndio anajua ukweli, peke yake. Ikijulikana niliandikishwa Nakivale, wananifunga, na yeye wanamufukuza kazi. Kila siku gari ya polisi ikipita, nafunga mulango."

Nyirabizimana alikuwa amekwisha kulitoa daftari kiunoni. Alieleza habari ya Enid kwa maneno machache. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na tisa, kwa sababu hakutaka kuficha, akamwonyesha mstari.

Kushoto, kwa mwandiko wa Mutesi mwenyewe: Mutesi apate fasi ya kuishi bila woga.

Kulia, kwa wino: Limejibiwa, 14/8/2023, ameolewa na mwanajeshi, ako Makenke.

Mutesi alisoma mara moja. Akasoma tena.

"Umeandika Makenke?"

"Niliandika ili Mungu atukuzwe."

"Mama, kama ungeacha tu jina! Bakina Mutesi ni wengi. Lakini mwanajeshi, na Makenke, na tarehe! Mutu akifungua hapa anafika mpaka ku mulango yangu." Alishika ukingo wa ukurasa. "Tupasue. Tupasue hii moja."

"Jina yako iko chini ya kila Jumatano. Na namba yako ya nyumba ya Nakivale iko ku ukurasa wa kwanza."

"Basi uchome yote. Nakuomba. Miye niliandika, miye nasema uchome."

Nyirabizimana alitazama noti ya elfu tano mkononi mwake, na mstari ule. Alikuwa ameusoma kanisani, siku ya ushuhuda, watu wakapiga makofi. Aliimba. Kumbe alikuwa amefunga ombi ambalo halijajibiwa, na kwa mwaka na zaidi hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemwombea msichana huyu, kwa sababu yeye, mtunzaji, alikuwa ameandika kwamba imekwisha.

"Sitachoma," alisema. "Lakini sitakuweka mukononi mwa batu. Ondoa machozi. Bale banakungoja kule mbele."

Alipokuwa akitoka, Shanitah alimpungia mkono. "Mama wa maharagwe! Wiki ijayo usinisahau!"

*

Jumatano, mlinzi wa maktaba ya chuo aliwaambia waache mikoba nje, na Kantengwa akaanza kubishana, lakini mama yake alivua hata koti la Nkusi alilokuwa amevaa, akalikunja, akaliweka kwenye kabati la chuma kama alivyoelekezwa. Aliruhusiwa kuingia na daftari na miwani. Chumba kilikuwa baridi, madirisha yamefunikwa, na harufu yake ilikuwa ya karatasi na dawa ya wadudu. Juu ya meza palikuwa na kopo la penseli. Hakukuwa na kalamu ya wino hata moja.

Enid aliwakaribisha kwa furaha. Kisha, kwa kuwa Nyirabizimana aliomba, akaileta faili. Ilikuwa nyembamba hivi kwamba ilipowekwa mezani haikutoa sauti.

"Nisomee," Nyirabizimana alisema. "Kwa Kiswahili."

Enid alisita, akasoma akitafsiri kidogo kidogo. Kwamba mwanafunzi aliyetajwa alikusanya watu bila kibali. Kwamba alionywa mara mbili. Kwamba alifanya hivyo kwa kisingizio cha ibada.

"Kisingizio?"

"Yaani... walisema maombi ilikuwa ya kudanganya. Ya kuficha mkutano."

Nyirabizimana alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena, ingawa haikuwa na uchafu. Kufukuzwa alikuwa amekuzoea. Neno fujo pia alikuwa amelizoea. Hili hakuwa amewahi kulisikia. Mwanawe, aliyefunga kula siku tatu kwa ajili ya wale kumi na wanne, alikuwa ameandikwa kwamba alimdanganya Mungu.

Enid alikuwa amelifungua daftari na kuligeuza upande wa kulia, na sasa alikuwa akiutazama ule wino kwa namna nyingine.

"Mama, nilikosea siku ile," alisema. "Nilifikiri umeiharibu. Angalia: hii ni ya 2023, hii ya 2024, hii ya mwezi uliopita. Nani anaombea kisingizio miaka miwili baada ya watu kutawanyika? Hii ndio jibu ya ile barua. Mwandiko yako ndio jibu."

"Batu bakisoma, bataona hivyo?"

"Wataona."

"Na bataona Mutesi."

Alimweleza. Hakutaja jina la kambi. Aliuweka tu ukurasa wa kumi na tisa mbele yake. Enid, mtoto wa Makenke, alisoma, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliufunika ukurasa kwa kiganja.

"Siwezi kutoa ukurasa," alisema mwishoni. "Kitu kinaingia kizima, ama hakiingii. Lakini iko njia moja. Tunaweza kufunga. Unaandika hapa kwa fomu, daftari inafungwa miaka ishirini na tano. Hakuna mtu anafungua. Hata mkuu wa chuo."

"Na barua?"

"Barua inabaki wazi, mama. Ni ya chuo."

Kantengwa alikuwa amesimama. "Hapana. Hapana, Mama. Miaka makumi mbili na tano! Weye uko na makumi sita na moja. Batasoma kama Nkusi alikuwa mwongo, mpaka ufe, na jibu iko hapa hapa mu boksi! Unamuchagua mutoto ya mutu juu ya mutoto yako?"

Nyirabizimana alimtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi macho yake yalijaa machozi.

"Nkusi hawezi kukamatwa tena," alisema.

Kantengwa akaenda kusimama karibu na dirisha lililofunikwa, mgongo wake kwao, mabega yakipanda na kushuka.

Fomu ilijazwa. Enid aliandika, Nyirabizimana akatia sahihi kwa herufi zake kubwa. Kisha Enid alichukua kadi ngumu nyeupe, akaandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, akaisoma kwa sauti: "Tazama pia daftari la maombi la kikundi cha Jumatano, lililotunzwa na Nkusi, na baada yake na mama yake. Limefungwa mpaka mwaka 2050." Akaiingiza kwenye faili, juu ya barua, ili anayefungua aione kwanza.

Nyirabizimana aliinua faili kwa mkono mmoja, kama mtu anayepima sukari dukani. Zilikuwa karatasi mbili sasa.

"Kabla hujaingiza mu boksi," alisema, "nataka kurekebisha kitu."

"Ikishaingia, hakuna kuandika tena," Enid alisema. Akatazama mlango, akachomoa penseli kwenye kopo, akamsogezea. "Lakini bado haijaingia."

Alifungua ukurasa wa kumi na tisa. Kwa penseli ile alichora mstari mmoja juu ya neno "Limejibiwa", polepole, kwa rula ya kidole chake, na pembeni akaandika: Bado. Wino ulibaki unasomeka chini yake. Hakuna la kufanya juu ya wino. Katikati ya kurasa akaiweka noti ya elfu tano iliyokunjwa.

"Mama, pesa haiwezi kukaa humo."

"Si yangu. Sikuuza kitu."

Enid aliitoa, akatafuta bahasha ndogo, akaandika juu yake jina Mutesi kwa penseli, kisha akalifuta, akaacha bahasha bila jina. "Mimi naenda kwa mama yangu pale kila Jumapili," alisema. "Itafika."

Alipogeuza kurasa za mbele kuhesabu kabla ya kufunga, alisimama kwenye ukurasa wa kwanza. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa Nkusi mwenyewe: Nkusi ahitimu pamoja na wenzake wote, asibaki nje hata mmoja. Kulia hapakuwa na kitu.

"Hapa hukuandika."

"Hiyo bado."

"Lakini, mama, yeye..."

"Amesema wote. Bengine bako hai."

Daftari lilifungwa kwa uzi wa pamba, likaingia kwenye boksi la kijivu, na boksi likapewa namba. Nyirabizimana aliisoma namba ile mara tatu mpaka ikakaa kichwani. Kisha akauliza swali ambalo alikuwa amelibeba tangu Juru, tangu Baudouin alipouliza nani ataombea ile tisa.

"Umesema hakuna mutu anafungua. Na mutunzaji?"

Enid alitafuta kwenye karatasi za kanuni, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Mwenye kutoa anaruhusiwa kusoma," alisema, kama aliyeshangaa mwenyewe. "Akija na kitambulisho, akijaza fomu ya msomaji. Kuandika ndani, hapana. Lakini ukija na habari ya mtu, unaandika kwa karatasi yako, na mimi naiweka kando yake ndani ya boksi."

"Nipe hiyo fomu."

Alijaza jina lake. Alijaza Juru. Mahali pa kitambulisho alinakili namba ndefu ya karatasi ya ukimbizi, ile ambayo hakuitoa langoni. Mahali pa siku, akaandika Jumatano. Alipofika kwenye nafasi ya chini, akasimama.

"Hapo wanauliza sababu ya kuja kusoma," Enid alisema. "Wewe andika utafiti. Wote wanaandika hivyo."

Kantengwa alikuwa amerudi kutoka dirishani, macho mekundu. Aliinama juu ya bega la mama yake kutazama. Nyirabizimana aliishika penseli karibu na ncha, akaishindilia kama alivyoshindilia wino, akaandika:

Kuna mistari kumi haijajibiwa.